Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: nyaya za paneli ya rilei za taa kwenye majengo ya biashara

Mi ni fundi umeme, kazi zangu nyingi ziko Kampala na mara moja moja Jinja na Mbarara, na kwenye saiti zetu Kiswahili ndo kinatuunganisha maana huyu katoka Busia, yule Arua, mwingine Goma. Siku hizi ofisi, maduka makubwa na hospitali zinajengwa na paneli za rilei za taa, yaani boksi la swichi zinazoendeshwa na umeme mdogo, na vijana wengi wanaziona mara ya kwanza siku wanapoambiwa wazifunge. Maswali haya naulizwa kila wiki kwa hiyo nimeamua kuyajibu hapa kwa urefu. Hesabu zote ni za umeme wetu wa Uganda, volti 240 laivu kwa nyutro, 415 fezi kwa fezi, hezi 50.

Paneli ya rilei si ni DB tu yenye vitu vingi?

Hapana, na kosa hili linaunguza vitu. DB inagawa umeme na kuulinda, ndani yake kuna breka. Paneli ya rilei inakaa baada ya breka na kazi yake ni kuwasha na kuzima, hailindi chochote. Mtu anaona rilei imeandikwa ampea 16 anadhani mzigo ukizidi itaruka kama breka. Haitaruka, itapata moto mpaka iungue. Zipo paneli zilizounganisha breka na rilei kwenye boksi moja lakini hata humo kila kimoja kina kazi yake.

Ukifungua mlango utaona sehemu mbili zimetenganishwa na bati au plastiki ngumu. Upande mmoja ni umeme mkubwa, 240, huo ndo unabeba mzigo wa taa. Upande wa pili ni umeme mdogo, mara nyingi volti 24, huo unabeba amri tu, kutoka swichi za ukutani, sensa, taima na kompyuta ya jengo. Pande hizi mbili zinakutana ndani ya rilei yenyewe, koili inayovuta huku na kontakti inayounga na kukata kule, bila waya kugusa waya. Ukishaelewa mgawanyo huo, yaliyobaki mengi utayaelewa.

Nionyeshe sakiti moja, umeme unapita wapi hasa?

Haya, tuchukue sakiti namba 7, taa za korido ghorofa ya pili. Laivu inatoka kwenye breka namba 7 ya ampea 10, waya wa milimita 1.5, inaingia tamino ya juu ya rilei namba 7, inatoka tamino ya chini, inapanda kwenye trei hadi kwenye taa. Nyutro haipiti kwenye rilei, inatoka kwenye baa ya nyutro moja kwa moja mpaka kwenye taa. Athi nayo hivyo hivyo, haikatwi popote. Rilei inakata laivu peke yake.

Zile tamino mbili kubwa za rilei hazina ya kuingilia wala ya kutokea, ukigeuza itafanya kazi vilevile, ila mi huwa naingiza juu na kutoa chini kwenye paneli nzima, rilei zote, ili atakayekuja baada yangu asianze kubahatisha.

Breka moja inaweza kulisha rilei mbili tatu kama jumla ya mzigo iko ndani ya breka, hiyo haina shida, unaruka na kipande cha waya wa unene uleule na unaandika. Kisichofaa kabisa ni taa za rilei moja kukutana na taa za rilei nyingine huko darini. Mtu anakosa laivu karibu anachomoa kutoka taa ya jirani, basi unazima rilei 7 taa hazizimiki maana zinalishwa na 8 kwa nyuma, na kama 7 na 8 ziko fezi tofauti siku rilei zote mbili zikiwaka umeunganisha fezi na fezi, hapo ni mlipuko.

Rilei ya kushika na kontakta, ipi ni ipi?

Kontakta koili yake lazima ibaki na umeme muda wote taa zikiwaka, ukiondoa umeme wa koili inaachia. Inanguruma kidogo, inapata joto kidogo, na inakula wati chache mchana na usiku. Rilei ya kushika inapigwa umeme mfupi mara moja, inageuka, inabaki pale hata ukiondoa umeme wa 24 kabisa. Ukitaka kuizima unaipiga tena, kwa aina fulani waya mwingine, kwa aina nyingine waya uleule lakini chanya na hasi zimegeuzwa. Ndo maana rilei moja unaikuta na nyaya nyembamba mbili, nyingine tatu, nyingine nne tano kwa sababu ina kontakti ndogo ya kuripoti kama imewaka au imezima. Fuata mchoro uliobandikwa mlangoni, usifuate rangi za paneli ya mwaka jana.

Koili ya rilei ya kushika imetengenezwa kwa pigo fupi, chini ya sekunde. Nimeshaona mtu ametoa kitufe cha kubonyeza kwenye ukuta akaweka swichi ya kawaida ya juu chini kwa sababu ndo aliyoipata dukani, swichi ikabaki imebonyea, koili ikala umeme siku nzima ikayeyuka, ukaanza harufu ya plastiki mapokezi na watu wakadhani ni kompyuta. Kitufe lazima kirudi chenyewe.

Naweza kupitisha waya za 24 na za 240 kwenye paipu moja ili kuokoa paipu?

Usifanye. Waya mwembamba wa amri mara nyingi haukutengenezwa kuvumilia volti 240. Ganda likikwaruzika mle ndani, 240 inaingia kwenye kitufe ambacho mtoto wa shule anakibonyeza kwa kidole, na wakati huohuo inaua kadi ya paneli, ile bodi ya elektroniki inayotoa amri. Paipu yake, trei yake, na ndani ya boksi pia ziingie kupitia tundu la upande wao. Zikilazimika kukutana zikatize kama msalaba, zisitembee sambamba mita nyingi maana waya wa 240 unausumbua wa amri na rilei zinaanza kujiwasha usiku.

DALI, ule mfumo wa kuamuru taa kidijitali kwa nyaya mbili, ina utaratibu wake. Nyaya zake mbili hazihesabiwi kuwa salama kuguswa, kwa hiyo zinaruhusiwa kutembea kwenye kebo moja na 240, ile kebo ya waya tano, mradi zote ganda lake ni la umeme mkubwa. Wengine wanaona hivyo kwa DALI wanadhani kila waya wa amri unaruhusiwa.

Mbona unasisitiza nyutro kila mara?

Kwa sababu karibu kila msiba wa taa niliouona kwenye majengo ya biashara ulianzia nyutro, na paneli ya rilei inaufanya uwe rahisi kutokea, maana fundi anashughulika na laivu thelathini zinazoingia na kutoka rilei, nyutro anaziona kama nyasi tu.

Niliitwa jengo moja la maduka, ghorofa tatu, taa za duka la nguo zinamulika kupita kiasi kisha zinakufa, na za duka la pili yake zimefifia. Waliniambia ni umeme wa mtaa. Nikafungua paneli nikapima laivu kwa nyutro kwenye DB, 238, safi. Nikapanda ngazi hadi darini kwenye boksi la kuunganishia, nikakuta nyutro moja ya milimita 1.5 inatumiwa na sakiti tatu za fezi tatu, na pale kwenye tamino skrubu imelegea, waya umekuwa mweusi, ukiugusa na koleo unacheza. Nyutro ilikuwa inakatika na kurudi.

Nyutro ya pamoja ikikatika, taa za fezi mbili zinabaki zimefuatana zikigawana volti 415. Kwa hesabu ya taa za kawaida, ukiwa na taa 20 upande mmoja na 4 upande mwingine, zile 4 zinapata kama volti 346 na zile 20 zinabaki na 69. Upande wenye taa chache ndo unakufa kwanza. LED hazigawani sawasawa namna hiyo lakini matokeo ni yaleyale, draiva (kile kiboksi kinacholisha LED umeme) zinapasuka. Halafu kuna jambo la pili ambalo vitabu vya zamani havikulisisitiza, draiva za bei rahisi zinavuta umeme kwa mapigo na sehemu ya mapigo hayo ya fezi tatu haifutani kwenye nyutro, inajumlika, kwa hiyo nyutro ya pamoja inaweza kubeba ampea nyingi kuliko fezi yoyote.

Kwa hiyo mi nafanya hivi, kila sakiti na nyutro yake, namba ya nyutro ni namba ya breka. Laivu 7, nyutro 7. Na kama kuna RCD, ile kinga inayokata umeme ukivuja, laivu iliyopita RCD hii nyutro yake irudi RCD hiihii, ukichanganya itaruka kila saa na utalaumu sensa bure.

Rangi za nyaya zinanichanganya, paneli mpya na jengo la zamani

Una haki ya kuchanganyikiwa na hili ni la hatari. Mazoea yetu yamefuata sana ya Uingereza. Rangi za zamani, fezi ni nyekundu, njano na buluu, nyutro nyeusi. Uingereza ilianza kuhamia rangi mpya mwaka 2004 na kufikia 2006 zikawa lazima, fezi ni kahawia, nyeusi na kijivu, nyutro buluu. Angalia sasa, nyeusi ilikuwa nyutro imekuwa fezi, na buluu ilikuwa fezi imekuwa nyutro. Kwenye jengo la zamani lililoongezwa paneli mpya utakuta zote mbili ndani ya boksi moja. Usiamini rangi, pima, kisha funga tepu au kipande cha namba kwenye ncha zote mbili, na bandika karatasi mlangoni inayosema jengo lina rangi mchanganyiko.

Nimepata paneli iliyotumika kutoka Marekani, itafaa hapa?

Inaweza kufaa ila angalia transfoma yake kwanza. Kule taa za biashara zinatumia volti 120 au 277, hezi 60. Rilei iliyoandikwa 277 itakata 240 yetu bila shida. Tatizo ni transfoma ya amri. Ukiunga 240 kwenye waya wake wa 120 itaungua dakika hizohizo. Ukiunga kwenye wa 277 utapata karibu volti 21 badala ya 24, na umeme wa mtaa ukishuka jioni rilei za mwisho wa laini hazitageuka, zitagonga tu. Na transfoma ya hezi 60 ikiwa kwenye hezi 50 inapata joto zaidi. Itoe, weka ya hapa ya 240 kwa 24 yenye uwezo uleule au zaidi. Nyaya za unene wa Kimarekani zilizobaki ndani nazo linganisha na milimita kabla hujabana.

Taa haizimi, nasikia rilei inagonga lakini taa zinaendelea kuwaka

Kontakti zimeshikana, zimejichomelea. Gonga na mpini wa bisibisi utaona zinaachia, lakini usifurahi, zitashikana tena, badilisha rilei. Na ukibadilisha bila kuondoa sababu utarudi baada ya miezi.

Sababu kubwa ni umeme wa kuwashia. Draiva ya LED ina kapasita ndani, ikiwa tupu inapopata umeme inameza kwa nguvu. Draiva ya wati 40 inakula chini ya 0.2 ya ampea ikiwaka, lakini pale mwanzo kabisa, chini ya milisekunde moja, inaweza kuvuta makumi ya ampea. Sasa weka draiva 30 kwenye rilei moja. Kwenye karatasi ni wati 1200, ampea 5, breka ya 10 na rilei ya 16 zinaonekana kubwa mno. Kumbe kila ukiwasha kontakti zinakutana kwenye cheche ya mamia ya ampea. Ndo maana rilei nzuri zinaandikwa namba mbili, ampea za mzigo wa kawaida na ampea za mwanzo zinazovumilika, na nyingine zinasubiri wimbi la umeme lipite sifuri ndipo zifunge. Dukani utauziwa rilei ndogo ya pampu au ya friji imeandikwa 16A kubwa mbele. Geuza, soma maandishi madogo ya ubavuni, tafuta mzigo wa LED au wa kapasita. Kama haina, gawanya taa kwenye rilei nyingi zaidi.

Breka nazo zinahusika hapo. Ya aina B inaruka kwa mara 3 hadi 5 ya ampea zake, C mara 5 hadi 10. Kama breka B inaruka asubuhi ukiwasha ghorofa nzima na mzigo ni mdogo, aina C inaweza kuwa jibu, lakini hakikisha kwanza kwamba athi yako na urefu wa waya vinaruhusu C iruke kwa wakati shoti ikitokea, usibadilishe tu ili kelele iishe.

Taa zimezimwa lakini zinabaki na mwanga hafifu kama kaa la moto

Mara nyingi ni umeme unaovuja kupitia kifaa cha kuzuia cheche kilicho sambamba na kontakti za rilei, au waya mrefu wa taa umelala sambamba na waya wenye laivu mita themanini, umeme unajipenyeza kidogo na LED haihitaji zaidi. Mita ya kawaida itakuonyesha volti 60 au 90 ukaogopa. Weka mzigo mdogo wa kunyonya kwenye taa ya mwisho, vinauzwa. Lakini kabla ya hapo hakikisha nyutro na laivu hazikugeuzwa, maana zikigeuzwa rilei inakata nyutro na taa yote inabaki na laivu ukiishika.

Waya wa kitufe cha ukutani unaweza kwenda umbali gani?

Piga hesabu. Waya wa milimita 0.5 una kama omu 36 kwa kilomita. Kitufe kikiwa mita 100 umeme unakwenda na kurudi mita 200, hiyo ni omu 7.2. Koili ikivuta ampea 0.3 unapoteza volti 2.2 kati ya 24, sawa. Mita 300 unapoteza 6.5 na hapo utaanza kusikia wanakwambia kitufe hakisikii mpaka ubonyeze mara tatu. Ongeza unene.

Upande wa taa pia msisahau. Waya wa milimita 1.5 unapoteza kama milivolti 29 kwa kila ampea kwa kila mita, wa 2.5 unapoteza 18. Sakiti ya ampea 5 mita 70 kwa 1.5 inapoteza volti 10, kwa 2.5 inapoteza 6.3. Kwa taa tunataka isizidi asilimia 3, yaani 7.2. Rilei zikiwa kwenye chumba kimoja chini na taa ghorofa ya sita, mita zinakwisha haraka sana.

Swichi zenye vitufe vingi na nyaya za data, naunganishaje?

Aina hizo zinaongea kwa laini ya mawasiliano, nyingi ni RS-485. Mnyororo, kutoka paneli kwenda swichi ya kwanza, ya kwanza kwenda ya pili, mpaka mwisho. Usifanye matawi kama mti. Kwenye ncha mbili za mnyororo weka rizista ya omu 120. Kupima ni rahisi, zima kila kitu, pima kati ya nyaya mbili za data, ukiona karibu 60 ncha zote zina rizista, ukiona 120 moja haipo, ukiona 40 kuna mtu ameongeza ya tatu katikati. Ganda la bati la kebo liunge athi upande mmoja tu, kwenye paneli.

DALI haina mambo hayo, inaruhusu matawi, inakataa duara tu. Draiva 64 kwa laini moja, mita 300 kwa waya wa 1.5.

Sensa?

Waya tatu, 24, kurudi, na wa ishara. Jumlisha milliampea za sensa zote ulinganishe na zinazotolewa na paneli. Usiiweke mbele ya tundu la eekondishena, na kwenye vyoo vyenye vyumba vidogo tumia inayosikia mwendo kwa sauti maana sensa ya joto haioni nyuma ya mlango.

Taa za kufifisha, zile nyaya za zambarau na kijivu?

Ni volti 0 hadi 10, zambarau ni chanya, kijivu kurudi. Zisigeuzwe, ukigeuza moja kundi zima linabaki hafifu. Zenyewe hazizimi taa, zinashusha tu mpaka chini, bado rilei ndo inakata 240. Kwa hiyo kila kundi linahitaji vyote viwili na mpangilio wa makundi ya kufifisha ufanane na mpangilio wa rilei.

Umeme wa mtaa ukikatika na jenereta kuingia, paneli ifanye nini?

Hili ndo swali la Uganda kabisa. Rilei za kushika zinabaki zilivyokuwa, kwa hiyo umeme ukirudi taa zote zilizokuwa zinawaka zinarudi kwa mpigo mmoja, na draiva mia nne zinameza pamoja. Jenereta ndogo inashtuka, volti zinashuka, chenjiova, ile swichi ya kuhamisha jengo kati ya mtaa na jenereta, inadhani jenereta imekufa, inarudisha nyuma, na mchezo unaanza upya. Nimesimama kwenye chumba cha jenereta nikihesabu mizunguko minne namna hiyo, mlinzi kashika tochi.

Dawa ni paneli iamriwe kuzima rilei zote umeme ukiondoka, kisha umeme ukirudi ziwashwe kwa zamu, kundi moja, sekunde mbili, kundi la pili. Kuzima zote umeme ukiwa umeshaondoka kunahitaji 24 yenye betri ndogo au UPS, kwa hiyo ipange kwenye bajeti mapema. Na amua na mwenye jengo taa zipi jenereta isizibebe kabisa.

Na taa za dharura?

Zile zenye betri ndani zinahitaji laivu isiyokatwa na rilei, ichukuliwe kabla ya rilei kutoka breka ileile ya sakiti ya eneo hilo. Ukizipitisha kwenye rilei, kila jioni walinzi wakizima taa zinadhani umeme umekatika, zinawaka mpaka betri inakwisha, halafu siku ya moto wenyewe hazina kitu, na watu wako kwenye ngazi gizani. Kwa kila taa yenye betri unapeleka laivu mbili, ya kudumu na ya rilei. Hapa sikubali mjadala na mkandarasi yeyote.

Taima niiweke saa ngapi?

Kampala iko karibu kabisa na ikweta, jua linazama kati ya saa kumi na mbili unusu na saa moja jioni mwaka mzima, tofauti ni kama nusu saa tu. Kwa hiyo taa za nje taima ya kawaida inatosha, ila jicho la mwanga linasaidia siku mawingu ya mvua yanapotia giza saa kumi. Kama jengo lina mita ya bei za vipindi, bei ya juu inaanza saa kumi na mbili jioni mpaka saa sita usiku, na hapo ndo paneli inajilipia kwa kuzima ghorofa zisizo na watu.

Nahitaji kibali?

Ndio. Kufunga nyaya Uganda kunahitaji kibali cha ERA, mamlaka inayosimamia umeme, na kuna madaraja. Jengo la fezi tatu hakikisha anayesaini ana daraja linaloruhusu. Kijana ambaye bado hana, fanya kazi chini ya mwenye nacho.

Napima nini kabla ya kuwasha?

Kwanza kuzima rilei hakukupi ruhusa ya kushika waya. Kuna kile kijiti cha kuwasha kwa mkono mbele ya rilei, watu wanakiamini kama meni swichi, na mwenzio ghorofani akibonyeza kitufe inawaka mkononi mwako. Zima breka, funga kufuli, weka funguo mfukoni. Paneli nyingine inalishwa na DB mbili kwa hiyo pima kila tamino. Testa yako ijaribu kwenye laivu inayojulikana, pima, kisha ijaribu tena.

Ganda la nyaya pima kwa volti 500, usipungue megaomu 1, ila tenganisha draiva, sensa na kadi za paneli kwanza au utaziua zote kwa kitufe kimoja. Kisha kaza skrubu zote kwa bisibisi ya kipimo, ncha za nyaya laini zivishwe vikofia. Washa rilei moja moja kwa mkono, mtu mmoja yuko juu anasema taa gani imewaka, nyie wawili mnaandika.

Radi?

Ukanda huu wa Ziwa Victoria radi ni nyingi mno, na kadi ya paneli ndo inakufa ya kwanza. Weka kinga ya radi kwenye DB inayolisha paneli, waya wake wa athi uwe mfupi na ulionyooka, chini ya nusu mita ukiweza. Kebo ya data ikitoka nje kwenda kibanda cha mlinzi nayo iwekewe yake. Ziba matundu yote ya boksi pia, nimetoa mjusi mkavu kati ya tamino mbili za fezi na alama nyeusi pande zote mbili.

Kwenye mlango niandike nini?

Namba ya rilei, breka yake na DB yake, fezi, chumba, idadi ya taa na wati, kitufe au sensa inayoiamuru, na kama kuna laivu ya dharura. Andika kwa maneno ya watu wa jengo. Kama wenyewe wanaita "ukumbi wa ibada" usiandike Zoni B2. Karatasi moja ndani ya plastiki mlangoni, nakala ya pili ofisini kwa meneja, tarehe ya kila badiliko kwa kalamu. Mfano wa mstari wangu: 7, breka 7 DB-2, fezi ya pili, korido ghorofa 2 mashariki, taa 14 za wati 40, vitufe viwili ngazini, dharura taa 3 laivu kabla ya rilei.